Batani za usukani zikigoma, anzia nyuma ya redio

Mteja akiniletea pikapu ambayo batani za usukani hazipandishi sauti, namuuliza mambo mawili kabla hata sijafungua mlango. Redio imebadilishwa? Na usukani umeshaguswa? Kwa la kwanza jibu huwa ndiyo karibu kila mara: redio iliyokuja na gari imetolewa, pamewekwa skrini ya Android ya inchi tisa au kumi, muziki unalia, kamera ya nyuma inaonyesha, ila kidole gumba kikibonyeza pale usukani hakuna kinachotokea. Kwa la pili naomba Mungu jibu liwe hapana. Mtu anaona batani imegoma, basi anaenda kufungua batani. Katikati ya usukani huo kuna mfuko wa hewa unaofumuka kwa kemikali ya kulipuka, na mara nyingi tatizo wala haliko huko. Liko nyuma ya redio, kwenye nyaya tatu ambazo aliyefunga skrini hakuziunga, au aliziunga kwa kubahatisha.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu zaidi Toyota Hilux ya kizazi kilichotoka 2015, ile tunayoiita Revo, kwa kuwa ndiyo inayoingia sana gereji. Ranger, Amarok na wenzao wana tabia yao, nao nimewawekea sehemu huko chini.

Kinachotokea ukibonyeza

Wengi wanadhani batani inatuma ujumbe kwenda kwenye redio. Kwenye Toyota nyingi haitumi kitu. Redio yenyewe ndiyo inayosukuma volti ndogo, 3.3 au 5 kutegemea redio, kwenye waya wa batani. Ukibonyeza, waya ule unakutanishwa na erthi (njia ya hasi ya gari) kupitia rezista ndogo, kifaa kinachozuia umeme kiasi, volti inashuka, na redio inaangalia imeshuka hadi wapi. Ikishuka hadi hapa ni "ongeza sauti", ikishuka hadi pale ni "wimbo unaofuata". Kwa hiyo kila batani ni namba tu, na namba inapimika.

Nyaya zenyewe ni tatu: mbili za ishara, ambazo michoro ya Toyota huziita SW1 na SW2, na moja ya erthi yake maalumu, SWG. Michoro mingine inaandika AU1, AU2 na EAU, ni zilezile. SW1 inabeba sauti na mishale ya nyimbo. SW2 inabeba modi (ya kubadilisha chanzo cha muziki), simu na ile batani ya kuongea, yaani ya amri za sauti. Ukipima kati ya SW1 na SWG, redio ikiwa imechomolewa, Toyota nyingi zinakupa hivi: mshale wa mbele karibu na omu 0 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), mshale wa nyuma kama 329, kuongeza sauti kama 1,000, kupunguza sauti kama 3,110. Usipobonyeza chochote, mita ya umeme isome kama omu 100,000.

Hiyo 100,000 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Rezista yake imekaa hukohuko kwenye batani, mwisho kabisa wa safari. Ukiiona kwenye mita umeshajua, bila kufungua hata skrubu moja ya usukani, kwamba waya umetoka kwenye dashibodi ukafika kwenye batani na kurudi salama.

Kupima

Toa redio, chomoa plagi zake. Funguo usiwepo kwenye swichi. Acha plagi za umeme na spika, tafuta ile plagi pana ya pembeni, yenye pini 20 au 28 kutegemea toleo. Kama hujui pini ipi ni ipi na huna mchoro, weka mita kwenye omu, mwite mtu akae kwenye kiti cha dereva awe anabonyeza na kuachia batani ya kuongeza sauti, wewe tafuta pini mbili zinazosoma 100,000 akiachia na 1,000 akibonyeza. Inachukua dakika tano, kumi ukiwa na mikono mizito. Usitoboe nyaya kwa sindano, na taa ya kupimia iache kwenye boksi. Nyaya hizi si za kubeba mkondo wa taa.

Sasa soma majibu. Namba zote nne zikija vizuri, usukani uko salama mwisho hadi mwisho. Tatizo ni redio au uungaji, na huna sababu ya kugusa usukani. Mita ikikaa kwenye 100,000 hata batani zikibonyezwa, waya ni mzima ila batani zenyewe hazigusi ndani. Mita isiposoma chochote kabisa, waya umekatika mahali: plagi, au ule utepe unaozunguka ndani ya usukani. Ikisoma 0 muda wote, ama kuna shoti ama batani imenasa chini. Soda iliyomwagika ikakauka huwa inafanya hivyo. Na zikija namba zote lakini kila moja imezidi kwa kiasi kilekile, kuna muungano mbovu njiani. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapoteza watu, nitairudia.

Hakuna batani hata moja inayosikia

Namba ni nzuri lakini redio ya Android haijibu. Angalia nyuma ya redio hiyo kama ina nyaya zilizoandikwa KEY1 na KEY2, au SWC1 na SWC2. Mara nyingi utazikuta zinaning'inia, ncha zimefungwa tepu kama zilivyotoka kiwandani. Hapo ndipo penye jibu la nusu ya magari ninayoletewa. Nyaya za kuunganishia zinazouzwa pamoja na skrini za bei rahisi huja na plagi mbili tu, ya umeme na ya spika. Plagi ya tatu haimo, na aliyefunga hakuidai. Nunua plagi yake, SW1 iende KEY1, SW2 iende KEY2, na SWG iende kwenye waya wa erthi wa redio yenyewe. Nasema erthi ya redio, si bolti yoyote iliyo karibu.

Ukishaunga, bado redio haijui namba hizo zina maana gani. Lazima ifundishwe. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mahali palipochorwa usukani. Kuna redio za aina mbili na watu wanazichanganya: moja unabonyeza batani ya usukani kwanza, ukiwa bado umeishikilia unagusa kazi yake kwenye skrini, nyingine unagusa kazi kwanza, kisha ndiyo unabonyeza usukani. Ukifanya ya aina hii kwenye aina ile utabonyeza mpaka kesho. Anza kwa kufuta yaliyokuwemo, fundisha moja moja, na mwishoni gusa hifadhi. Ukitoka bila kuhifadhi, redio nyingi zinatupa kazi yote.

Fundisha injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, yaani gari likiwa katika hali unayoliendesha. Erthi yenye kasoro ndogo huonekana sawa gari likiwa kimya, ikaja kukuumbua taa na feni vikianza kuvuta umeme.

Upande mmoja unafanya kazi, mwingine hapana

SW2 haijaungwa, au redio ina KEY1 peke yake. Kama ina KEY1 tu, chagua upande wa sauti, uache wa simu. Usizikutanishe SW1 na SW2 kwenye waya mmoja: pande zote mbili zinatumia namba za aina ileile, redio haitajua umebonyeza modi au mshale wa mbele.

Batani mbili zinafanya kazi moja

Umefundisha vizuri, umehifadhi, lakini mshale wa mbele na wa nyuma vyote vinapeleka mbele. Mita inasema batani ziko sawa: 0 na 329. Basi redio ndiyo isiyoweza kuzitofautisha, na sababu ni rezista iliyo ndani yake, ile ambayo volti inapitia kabla ya kutoka kwenda usukani.

Chukua redio ya volti 3.3 yenye rezista ya ndani ya omu 10,000. Ukibonyeza mshale wa nyuma, redio inaona volti 0.1. Ukibonyeza wa mbele inaona 0. Tofauti hiyo ni ndogo, kelele kidogo tu ya umeme inaifunika. Badilisha rezista ya ndani iwe 1,000: mshale wa nyuma sasa unasoma volti 0.8, kuongeza sauti 1.65, kupunguza karibu 2.5. Sasa kila batani imekaa kwenye ghorofa yake.

Skrini nyingi za Android zinakuruhusu kubadilisha hiyo bila kushika chuma cha kuchomelea. Iko kwenye mipangilio ya kiwandani, inayofunguliwa kwa msimbo. 8888, 126 na 3368 ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi, kutegemea ubao wa redio. Humo ndani tafuta sehemu ya batani za usukani yenye machaguo ya kilo-omu, chagua ndogo, toka, fundisha upya. Piga picha kila ukurasa kabla hujagusa kitu, maana sehemu hiyohiyo ndiyo inayopanga aina ya skrini. Ukibadilisha hapo kwa bahati mbaya utabaki unatazama skrini nyeusi, na safari yako itakuwa nyingine kabisa.

Unabonyeza mbele, wimbo unarudi nyuma

Hii nitaieleza kwa gari moja, dabo kebini nyeupe ya jamaa anayepeleka mbegu vijijini. Redio alifungiwa mahali pengine, batani zikafanya kazi miezi miwili bila shida. Halafu mshale wa mbele ukaanza kurudisha wimbo nyuma. Mshale wa nyuma ukawa haufanyi kitu. Kuongeza sauti mara inakubali mara inagoma. Kupunguza sauti, hakuna tatizo kabisa. Alikuwa ameshaambiwa batani zimekufa, na ametajiwa bei ya batani mpya.

Kilichonifanya nisiamini ni hiyo ya kupunguza sauti. Batani zikichakaa huchakaa ile inayobonyezwa sana, na hakuna anayeuacha mshale wa mbele ukachakaa kabla ya sauti. Nikatoa redio, nikapima kwenye plagi ya gari, SW1 kwa SWG: 0, 329, 1,000, 3,110. Safi kabisa. Nikahamisha ncha moja ya mita, badala ya SWG nikaigusisha kwenye waya mweusi wa redio, njia ambayo redio yenyewe inaitumia. Mshale wa mbele ukasoma 300 na kitu.

Aliyefunga alikuwa ameichukua SWG akaibana chini ya bolti ya mkono wa dashibodi, juu ya rangi. Siku ya kwanza bolti ilikuwa imekaza, meno yake yamekwaruza rangi kidogo, umeme ukapita. Miezi miwili ya barabara ya matuta ikalegeza, na pale palipogusana pakawa kama pana rezista ya omu 300 ambayo hakuna aliyeiweka. Sasa hesabu: mshale wa mbele, 0, ukawa 300, na redio ikauona ni mshale wa nyuma. Mshale wa nyuma ukawa 629, namba isiyo ya mtu, redio ikaupuuza. Kuongeza sauti ikawa 1,300, imeyumba kiasi cha kukubaliwa na kukataliwa. Kupunguza sauti, 3,410 badala ya 3,110, redio haikuona tofauti yoyote ya kuisumbua.

Nilikata kile kituko cha bolti, nikachomelea SWG kwa risasi kwenye waya mweusi wa redio, nikavika mpira. Sikufundisha upya hata batani moja. Jamaa alilipa pesa ya ufundi tu, batani zake mpya zikabaki dukani.

Zinafanya kazi hadi ukate kona

Hapa ndipo usukani wenyewe unapoingia. Kati ya usukani unaozunguka na nguzo isiyozunguka kuna kifaa cha mviringo chenye utepe wa nyaya uliokunjwa kama utepe wa kupimia wa fundi cherehani. Mafundi wengi wanakiita klokspringi. Kwenye vitabu vya Toyota ni waya wa mzunguko. Kinapitisha batani, honi na mfuko wa hewa. Utepe ukikatika nyuzi moja, batani zinaonekana na kupotea kadiri unavyozungusha. Ukikatika nyingi, honi inakufa na taa ya mfuko wa hewa inawaka kwenye dashibodi. Batani, honi na taa hiyo vikikuangukia pamoja, acha kutafuta kwingine.

Nacho unaweza kukithibitisha ukiwa nyuma ya redio. Redio ikiwa imechomolewa, mita kwenye SW1 na SWG, washa injini ili usukani uwe mwepesi, mtu azungushe taratibu kutoka kona hadi kona. Inayosoma 100,000 ikae hapohapo. Ikikatika sehemu fulani ya mzunguko na kurudi, umekipata.

Kukibadilisha ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, maana mfumo wa mfuko wa hewa una umeme uliohifadhiwa. Plagi za njano usiziguse kwa mita, hata kwa utani. Ule mkondo mdogo wa mita unaotosha kupima rezista haupaswi kabisa kufika pale. Na kifaa kikirudishwa lazima kiwe katikati. Kwenye Toyota nyingi unakizungusha kinyume cha saa taratibu mpaka kigome, kisha unarudi kwa saa kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Kifaa chenyewe huwa na kibandiko kinachoeleza, kisome. Kikifungwa pembeni ya katikati, gari linatoka gereji likiwa zima na utepe unachanika kwenye kona kali ya kwanza. Kwa hiyo batani zikifa siku chache baada ya mtu kushusha steling boksi au kutoa usukani, muulize huyo kabla ya kuniuliza mimi.

Mengine madogo

Redio inasahau kila ukizima gari: waya wa njano na mwekundu wa redio vimebadilishana. Njano uwe kwenye umeme wa kudumu, mwekundu kwenye umeme wa swichi. Sauti inajipandisha yenyewe, hasa asubuhi yenye unyevu au baada ya kuosha gari ndani: unyevu au uchafu kwenye batani, pima, mita itaonyesha 100,000 ikishuka bila mtu kubonyeza. Batani hazina mwanga usiku lakini zinafanya kazi: mwanga una waya wake, hauhusiani na haya.

Gari lililokuja bila batani, toleo la chini, usukani una vifuniko vitupu. Watu wananunua batani za mtumba wakidhani zitachomekwa tu. Kwanza fungua uone klokspringi iliyopo ina pini za batani au haina. Matoleo ya chini mara nyingine huja na yenye nyaya chache, za honi na mfuko wa hewa tu. Kama hazimo, gharama ni batani pamoja na klokspringi pamoja na nyaya hadi kwenye redio. Zipo pia zile batani zisizo na waya, za betri ndogo kama ya saa, zinazofungwa kwenye duara la usukani, na kipokeo chake kinaungwa KEY1. Kwenye lami zinafaa. Barabara ya vumbi itazilegeza, na tafadhali usizibandike kwenye kifuniko cha katikati, hapo ndipo mfuko wa hewa unapotokea.

Ranger, Amarok na wenzao

Kwenye Ford Ranger ya kuanzia 2011 na VW Amarok, batani haziendi moja kwa moja kwenye redio. Zinaishia kwenye kompyuta ndogo ya usukani, ambayo inatangaza kilichobonyezwa kwenye mtandao wa gari, nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, CAN-H na CAN-L. Ukiunga KEY1 hapo hutapata kitu, na unaweza kuliletea gari zima matatizo, kwani nyaya hizohizo zinatumiwa na vifaa vingine.

Unachohitaji ni kisanduku cha kanbasi (CAN bus, yaani mtandao huo wa gari) kati ya gari na redio, kinachotafsiri lugha ya gari hilo. Makosa ni mawili. La kwanza ni kisanduku cha gari jingine: watu wananunua kwa kuangalia plagi ikiingia. La pili, kisanduku ni sahihi lakini redio haijaambiwa ni cha nani. Kwenye mipangilio ya kiwandani kuna orodha ya watengenezaji wa visanduku, Raise, Hiworld na wengineo, kisha gari, kisha toleo. Lazima vyote vitatu vilingane.

Namna rahisi ya kujua kisanduku kinaongea na redio ni kufungua mlango. Mara nyingi skrini itaonyesha picha ya gari lenye mlango wazi. Ikionyesha mlango lakini batani zimekufa, chagua toleo jingine kwenye orodha. Isipoonyesha kitu, angalia nyaya: betri ikiwa imetolewa, kati ya CAN-H na CAN-L magari mengi, ingawa si yote, hukupa kama omu 60, kwa sababu kila mwisho wa mtandao wao una rezista ya 120. Kwenye magari hayo ukipata 120, huenda mwisho mmoja umekatika.

Kuna dalili moja watu hawaihusishi na batani: betri kwisha usiku. Kisanduku kisichofaa kinaweza kushindwa kuelewa kwamba gari limezimwa, redio ikabaki macho. Kama batani zinasumbua na asubuhi gari linahitaji kusukumwa, ni ugonjwa mmoja.

Ranger ya kizazi cha 2022 yenye skrini ya SYNC 4A ya inchi 10 au 12 mimi sishauri kuibadilisha redio kabisa. Mambo mengi ya gari yanapangiwa kwenye skrini hiyo.

Redio za Pioneer, Kenwood na wengine

Hizi hazina KEY1. Pioneer ina tundu dogo la duara nyuma, kama la spika za masikioni, lililoandikwa W/R. Kenwood ina waya wa buluu isiyokolea wenye mstari wa njano. Katikati unaweka kiunganishi cha kutafsiri, na walio Marekani na Ulaya wanavipata kirahisi: PAC SWI-RC, Axxess ASWC-1, au Maestro kwa magari ambayo batani zake hupita kwenye mtandao wa CAN. ASWC-1 inajitafutia yenyewe gari na redio. Unabonyeza kuongeza sauti mara kadhaa mpaka taa yake itulie. Ikiendelea kuwaka na kuzima, haijaona batani, na tunarudi kwenye mita yetu na zile namba nne. Hicho pia kinaruhusu batani moja kuwa na kazi mbili, ya kugusa na ya kushikilia.

Kupanga kazi upendavyo

Kwenye redio ya kiwandani ya Toyota hapana mengi ya kupanga, ila wengi hawajui kwamba ukishikilia batani ya modi sauti inanyamaza, au wimbo unasimama. Kabla ya kunipa kazi ya kukutafutia batani ya kunyamazisha, jaribu hiyo.

Kwenye Android unaweza kuipa batani yoyote kazi yoyote, na nyingi zinakubali kubonyeza kwa ufupi kuwe na kazi yake na kushikilia kuwe na yake. Mimi mshale wa mbele na wa nyuma naupa wimbo kwa kubonyeza na kituo cha redio kwa kushikilia. Ile batani ya kuongea, ambayo kwenye skrini nyingi inabaki bila kazi, naipa kunyamazisha. Trafiki akikusimamisha huna haja ya kutafuta skrini kwa macho. Kukata simu nakiacha palepale Toyota ilipokiweka, mkono umeshazoea. Batani ya kuzima redio simwekei mtu kwenye usukani. Ataibonyeza bila kujua, atanipigia simu kusema redio imeungua. Kuzima mwanga wa skrini ni jambo jingine, hiyo weka, safari ya usiku utaifurahia.

Kabla hujarudisha redio kwenye tundu lake, jaribu kila batani injini ikiwaka, taa zikiwaka, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kulia na kushoto. Kisha sukuma redio taratibu, ukiangalia nyaya za KEY zisibanwe kwenye ukingo wa chuma.

Mzee mmoja alikuja akiwa na batani nzima, zote zinafanya kazi, na bado analalamika. Anasikiliza kituo kimoja tu, asubuhi taarifa ya habari, jioni taarab. Kila akipita kwenye matuta kidole gumba kinagusa mshale, kituo kinapotea, na kukirudisha hajui. Alitaka nimkatie waya. Nilifuta mishale yote miwili kwenye mipangilio, nikaiacha bila kazi, nikagusa hifadhi. Akaibonyeza mara nne tano akiwa amenikazia macho. Redio ikaendelea kusoma habari.